Mnara wa Mita 180 Ziwani: Macho ya Kampala Yana Bei Gani?

Mtu akisimama kwenye mwalo wa Ggaba, macho yake yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wake unaishia kilomita tano na nusu. Akipanda kilima kilichoinuka mita 100 juu ya ziwa, na Kampala ina vilima kadhaa vinavyozidi hapo, upeo unasogea hadi kilomita 38 na ushei. Hesabu yenyewe ni fupi: chukua kimo cha macho kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.86. Jibu ni umbali wa upeo kwa kilomita, mpindo wa mwanga hewani ukiwa umeshahesabiwa.

Sasa tuweke mtambo wa upepo ndani ya Ziwa Nalubaale, ambalo ramani nyingi bado zinaliita Victoria. Hakuna mtambo hata mmoja humo leo; huu ni mfano wa hesabu tu. Ncha ya panga lake ifike mita 180, kimo cha mitambo 89 iliyosimamishwa mwaka 2021 ndani ya ziwa la IJsselmeer, Uholanzi, yenye jumla ya megawati 383. Rula yetu iwe mwezi mpevu, ambao angani una upana wa takriban nusu digrii. Kwa mtu wa ufukweni, mtambo huo ukiwa kilomita 5 unaonekana na urefu wa miezi minne iliyopangwa wima. Kilomita 10, miezi miwili. Kilomita 20, mwezi mmoja, na hapo mbinyuko wa dunia umeshameza mita 14 za chini. Kilomita 30, mita 40 zimezama na kilichobaki ni nusu mwezi. Kilomita 40, mita 80 hazionekani kabisa.

Mtu wa kilimani hapati nafuu hiyo. Kwake mtambo ulio kilomita 30 unaonekana mzima, kuanzia maji yanapogusa nguzo. Ulio kilomita 40 unaonekana karibu wote pia.

Tofauti hiyo inabadilisha hesabu yote ya kutathmini athari za mitambo kwenye mandhari. Sehemu kubwa ya takwimu zinazotumika duniani imetoka pwani tambarare za Denmark, Uholanzi na mashariki ya Uingereza, ambako kusogeza mitambo mbali ni dawa ya uhakika: bahari yenyewe inaificha. Katika jiji la vilima, umbali unanunua nafuu ndogo zaidi. Mhandisi atakayekuja na jedwali la Denmark na kulibandika juu ya ramani ya Kampala atakosea kabla hajafungua kalamu.

Kuna la kupunguza, kwa haki. Kampala haitazami ziwa wazi, inatazama ghuba. Rasi na visiwa vinakata sehemu kubwa ya mstari wa macho kutoka Ggaba, Munyonyo na Luzira, na ndiyo maana hatua ya kwanza ya tathmini ni ramani ya kompyuta inayopaka rangi kila mahali ambapo, kwa nadharia, ncha ya mtambo inaweza kuonekana. Ramani hiyo haijui miti, maghorofa wala ukungu. Haijui pia moshi na vumbi la Kampala wakati wa kiangazi, ambavyo siku nyingine huficha hata kilima cha jirani. Kwa hiyo mtathmini makini hupiga picha zake baada ya mvua, hewa ikiwa imeoshwa, kwa sababu anatakiwa kuonyesha hali mbaya kuliko zote. Anayekuletea picha iliyopigwa siku ya ukungu muulize nani alimlipa.

Je, picha hiyo itakuwa na vitu vingapi ndani yake? Hapa Kenya inatufundisha jambo. Mradi wa Ziwa Turkana, karibu na Loiyangalani, una mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Ni mifupi: kitovu kiko mita 44 juu ya ardhi, kipenyo cha mapanga mita 52, hivyo ncha inafika mita 70 tu. Ilichaguliwa mifupi kwa sababu ya safari. Ilibidi kukarabatiwa barabara ya zaidi ya kilomita 200 ili vipande vifike. Kwa mitambo ya megawati 4.3 kama ile ya IJsselmeer, megawati zile zile zingehitaji minara 72. Lipi linaudhi jicho zaidi, mifupi 365 au mirefu 72? Watathmini wengi wangechagua 72, nami nakubaliana nao: jicho huchoshwa na msongamano kuliko kimo. Lakini mnara mrefu unaonekana kutoka mbali zaidi, kwa hiyo kila mnara unaoondoa unaongeza vijiji kwenye ramani ya rangi.

Mpangilio nao una bei yake. Tuseme tunataka mitambo 25 ya aina ya IJsselmeer, megawati 107. Ili mmoja usimwibie mwenzake upepo, tuache kati yao mara saba ya kipenyo cha mapanga, yaani mita 910. Ukiipanga yote katika safu moja unapata ukuta wa karibu kilomita 22, na mtu aliye kilomita 10 mbele ya katikati yake atageuza shingo digrii 95 kuumaliza. Ukiipanga tano kwa tano, mtu huyo huyo anaona kundi la digrii 21. Mitambo ile ile, umeme unaokaribiana, lakini anga iliyochukuliwa inapungua kwa zaidi ya robo tatu. Copenhagen walipitia mjadala wa namna hii. Mradi wa Middelgrunden, kilomita tatu na nusu kutoka mjini, ulipangwa mwanzoni kuwa na mitambo 27 katika safu tatu. Wananchi walipokataa ukapunguzwa kuwa mitambo 20 mikubwa zaidi, imepangwa kwa upinde mmoja unaofuata umbo la jiji la kale, na ikasimamishwa mwaka 2000. Nusu yake ilimilikiwa na ushirika wa wananchi zaidi ya 8,000. Sidhani ni bahati kwamba picha yake ikageuka kuwa pambo la kadi za watalii.

Wamarekani wa maabara ya Argonne walikwenda kupima jambo hili kwa macho matupu kwenye pwani za Uingereza, wakatoa matokeo mwaka 2013. Mitambo ilikuwa kitu kikuu kinachoshika macho hadi kilomita 16. Mpita njia asiyeitafuta aliiona hadi karibu kilomita 29. Anayeitafuta aliiona hata baada ya kilomita 42, na kuzunguka kwa mapanga kulionekana hadi 39. Usiku, taa za tahadhari kwa ndege zilionekana zaidi ya kilomita 39. Na mitambo mingi waliyoipima ilikuwa mifupi kuliko mita 180.

Tuingie kwenye fedha, na tuanze na swali la msingi: mradi wenyewe una maana? Kwa bei za wastani duniani mwaka 2023, kwa mujibu wa shirika la kimataifa la nishati jadidifu, IRENA, kilowati moja ya upepo majini iligharimu takriban dola 2,800, na ya nchi kavu dola 1,160. Mitambo yetu 25 ingekuwa dola milioni 301 majini, au milioni 125 ikiwa nchi kavu. Bei ya majini inalingana kwa mshangao na bwawa la Karuma, lililogharimu kama dola bilioni 1.7 kwa megawati 600, yaani dola 2,830 kwa kilowati. Ila wastani wa dunia hutoka mahali penye bandari na meli zenye miguu ya kusimama baharini. Nalubaale liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na meli haiwezi kupanda Nile na mabwawa yake. Meli ya mvuke William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka Uskoti na kuteremshwa majini Kisumu mwaka 1900; zaidi ya karne baadaye, meli kubwa za ziwa hili bado zinaungwa ufukweni. Turkana, nchi kavu, ulifika euro milioni 623, sawa na euro 2,010 kwa kilowati, mbali sana na wastani wa dunia. Ugumu wa safari unalipiwa.

Kisha upepo wenyewe. Nguvu iliyomo ndani yake hupanda kwa mchemraba wa mwendo: mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu inakuwa mara nane. Mahali pa mradi wa Turkana hutajwa kuwa na wastani wa mita 11 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya Uganda ina mita 2 hadi 4, Karamoja ikiwa na nafuu kidogo. Mita 11 dhidi ya 4 ni pengo la karibu mara 21. Tulifanyie ziwa ukarimu, tuseme juu ya maji yake na katika kimo cha kitovu upepo ni mita 6: bado pengo ni mara sita. Kama mfanyabiashara wa umeme, nisingeweka shilingi yangu hapo leo. Nchi yenye uwezo wa kuzalisha unaopita megawati 2,000 baada ya Karuma kufunguliwa rasmi mwaka 2024 haina haraka ya kutafuta upepo dhaifu katikati ya maji.

Basi kwa nini tuhangaike na mandhari? Kwa sababu hesabu ya macho haiishi kwenye upepo. Inatumika kwa mabwawa, kwa nguzo za umeme, kwa visima vya mafuta, na Uganda imeshaifanya mara kadhaa bila kuandika tarakimu.

Namna ya kuweka bei kwenye mandhari ni kuwauliza watu wangekuwa tayari kulipa kiasi gani ili kitu kisogezwe. Wadenmark Ladenburg na Dubgaard walichapisha majibu yao mwaka 2007: kutoka kilomita 8 kwenda 12, kaya moja ilikuwa tayari kulipa euro 46 kwa mwaka, kwenda 18, euro 96, kwenda 50, euro 122. Tazama jinsi mkunjo unavyolala. Kilomita 10 za kwanza zina thamani ya euro 96, na 32 zinazofuata zinaongeza 26 tu. Huko Delaware, Marekani, utafiti uliotoka mwaka 2011 ulionyesha kwamba mitambo ikiwa kilomita moja na nusu kutoka pwani, kaya ya kando ya bahari inaona hasara ya dola 80 kwa mwaka na kaya ya bara dola 19. Ikisogezwa hadi kilomita 14 na nusu, wa kando ya bahari bado ana hasara ya dola 27. Wa bara ana sifuri.

Tuzilete Kampala. Sensa ya 2024 ililipa jiji watu takriban milioni 1.8. Tukikadiria watu wanne kwa kaya, ni kaya 450,000. Zidisha kwa euro 46 za Denmark: euro milioni 20.7 kwa mwaka kwa kusogeza mitambo kilomita nne tu. Fedha hizo zinatosha kulipia waya mrefu sana wa chini ya maji.

Lakini wachumi hawahamishi tarakimu namna hiyo. Wanairekebisha kwa kipato. Pato la mtu mmoja Denmark ni zaidi ya mara 60 ya pato la Mganda. Gawanya kwa 60, unabaki na senti 77 za euro kwa kaya, na jumla ya euro 345,000 kwa jiji zima. Ziwa lile lile, machweo yale yale, minara ile ile. Thamani imeporomoka kutoka milioni 20 hadi theluthi ya milioni kwa sababu mtazamaji hana fedha. Kitaalamu hatua hiyo haina kosa. Kinachopimwa, hata hivyo, ni mfuko wa mtazamaji, na jicho lake limepachikwa tu kama jina la safu. Ndani ya Kampala kwenyewe mambo yanajirudia: nyumba ya Muyenga ambayo bei yake imejengwa juu ya dirisha linaloona maji itahesabiwa vizuri, na chumba cha kupanga cha Ggaba hakitaonekana kwenye jedwali.

Njia ya pili haitumii fedha, inatumia daraja. Mwongozo wa Uingereza wa 2013, ambao nakala zake zimesafiri hadi kwenye tathmini nyingi za Afrika, unapima ukubwa wa badiliko na unyeti wa mtazamaji. Mkazi na mtalii wana unyeti mkubwa. Mtu aliye kazini, ambaye macho yake yako kwenye kazi, ana unyeti mdogo. Katika Uingereza ya ofisi na viwanda sheria hiyo ina akili. Kwenye Nalubaale inaleta kichekesho: mgeni anayekula chakula cha mchana Munyonyo anapewa daraja la juu, na mvuvi anayekaa majini saa 12 mfululizo anapewa la chini.

Mvuvi huyo ndiye anayelitumia anga kuliko wote. Upeo wa macho ni chombo chake cha kazi. Wingu linavyosimama upande wa visiwa linamwambia arudi au abaki, na ziwa hili hupata ngurumo nyingi zaidi usiku, pepo za nchi kavu kutoka pande zote zinapokutana juu ya maji yenye joto. Anaongozwa na umbo la kilima, na usiku anaongozwa na taa. Wavuvi wa mukene, dagaa wa ziwa hili, hufanya kazi usiku wa giza, samaki wakivutwa na taa za boti, na katika usiku huo ziwa lina mji wake mwingine wa nuru. Ongeza humo taa nyekundu 25 zinazowaka na kuzima kwa pamoja, mita zaidi ya mia juu. Kwa wengine itakuwa kero. Kwa wengine, nadhani, itakuwa alama bora ya njia kuliko kilima chochote. Tathmini iliyomweka mvuvi kwenye daraja la chini haitamuuliza, kwa hiyo haitajua.

Rekodi ya Uganda katika kuuza mandhari ni ndefu kuliko inavyokumbukwa. Maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani Jinja, yalimezwa na bwawa la Owen Falls lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Winston Churchill alikuwa ameshapita hapo mwaka 1907 na kutamani maji yale yafungwe yazalishe nguvu. Hata mwenye kalamu ya kusifu uzuri aliona mashine kwanza. Kisha Bujagali. Maporomoko yalifunikwa mwaka 2011, na bwawa la megawati 250 likazinduliwa Oktoba 2012. Hapo angalau fidia ya mandhari iliandikwa: katika makubaliano na Benki ya Dunia ya mwaka 2007, serikali iliahidi kuyaacha maporomoko ya Kalagala na eneo lake bila bwawa. Ni jambo adimu, mandhari kulipwa kwa mandhari. Miaka 12 baadaye, Machi 2019, likazinduliwa bwawa la Isimba, megawati 183 kwa takriban dola milioni 568, na maji yake yakafunika sehemu ya eneo lililokusudiwa kulindwa. Kalagala yenyewe na maporomoko jirani ya Itanda yamebaki. Mabishano ya Isimba yalifika hadi kina cha maji, kwa sababu kina ndicho kilichotenganisha maji ya kasi wanayoyafuata wapanda boti na bwawa tulivu.

Mwaka huo huo wa 2019, Juni, mamlaka ya udhibiti wa umeme ilitangaza ombi la kampuni ya Bonang ya kujenga bwawa la megawati 360 karibu na maporomoko ya Murchison na Uhuru, pale Nile inapobanwa kwenye mwanya wa mita 7 hivi na kuanguka mita 43. Kwa bei ya Karuma kwa kilowati, hilo ni jambo la dola bilioni moja. Waongoza watalii na wananchi walipaza sauti, Agosti waziri wa utalii akatangaza kwamba serikali imekataa, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaruhusu upembuzi yakinifu. Katika kelele zote hizo, megawati zilitajwa kila siku. Upande wa mandhari ulitetewa kwa hisia na kwa mapato ya utalii kwa ujumla. Sikumbuki ramani ya rangi wala picha ya kabla na baada iliyowekwa mbele ya umma ili kila mtu aone kile kinachouzwa.

Mafuta yalifanya vizuri zaidi kidogo. Mradi wa Tilenga, wenye majukwaa 10 ya visima ndani ya Hifadhi ya Murchison, ulipelekwa kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, ukiwa na sehemu nzima ya mandhari ndani ya tathmini yake. Na kwenye Ziwa Albert, visima vya Kingfisher vinachimbwa kwa kupinda kutoka nchi kavu hadi chini ya ziwa, bila jukwaa lolote juu ya maji. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mvuvi wa Buhuka, ufukweni hapo, anapotazama magharibi bado anaona milima ya Kongo na maji tu.

Kukataa kwa sababu ya macho kunawezekana. Mwaka 2015 serikali ya Uingereza ilikataa mradi wa Navitus Bay, megawati 970 kwa pauni bilioni 3.5, kwa sababu ungeharibu mandhari ya pwani ya Jurassic iliyo kwenye urithi wa dunia. Mitambo ya karibu kabisa ingekuwa kilomita 14 hivi. Kwa rula yetu ya mwezi, hapo ni kama mwezi mmoja na nusu.

Kwa hiyo siku ombi la namna hii litakapofika NEMA, iwe ni la upepo au la kitu kingine chenye mita 180, hesabu zinazofaa kudaiwa ni chache na si ghali. Vituo vya kutazamia viwekwe kwa idadi ya macho, bila kujali bei ya viwanja: Ggaba na Luzira vitangulie vilima, na kituo kimoja kiwe ndani ya boti, saa tisa usiku. Mvuvi ahamishwe kutoka safu ya mfanyakazi kwenda safu ya mkazi. Thamani ikokotolewe mara mbili, kwa kipato na bila kipato, na namba zote mbili zichapishwe kando kwa kando, milioni 20 na 345,000, ili anayetia saini ajue ameichagua ipi. Na picha zibandikwe mwaloni, kwa ukubwa wa kutosha mtu kusimama mita moja mbele yake na kuuona mnara kwa kimo kile kile atakachouona ziwani.